Nusu Siku Kuzunguka Ziwa

Austria, 13 Oktoba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo, na Baba mpe shikamoo yake peke yake, asije akasema nimemchanganya na watu. Tumsifu Yesu Kristo. Mimi nina nguvu, mafua yalinishika wiki iliyopita yakaniacha. Nyinyi je? Goti la Baba? Na masikio yako? Najua ukishika simu unasikia upepo tu, ndiyo maana nakuandikia. Na barua ina faida yake, siku nikiumwa na hamu ya nyumbani naitoa chini ya mto nasoma tena.

Uliniuliza Alhamisi, siku yangu ya kupumzika, nafanya nini. Nikishakunywa chai namchukua Sista Notburga, mzee wa nyumba yetu ya watawa, tunazunguka ziwa. Ana miaka themanini na nane na anatembea na fimbo mbili, moja kila mkono. Kijana angezunguka mara moja akarudi kufanya kazi zake, lakini sisi inatuchukua nusu siku, mwendo wa kinyonga. Njia ni ya changarawe, imesawazishwa, hakuna hata jiwe la kukukwaza. Kila unapochoka kuna benchi, na pembeni kibao cha kukuambia umebakiza dakika ngapi, utafikiri ziwa linafungwa. Maji ni ya kijani, safi, samaki unawaona mpaka chini. Milima imesimama pande zote na juu kabisa ina theluji tayari. Hakuna kiboko, hakuna ng'ombe anayekunywa, hakuna anayefua. Nilimuuliza Sista Notburga ziwa hili lina kazi gani. Akasema, "La kutazama."

Siku za kwanza niliaibika. Tulikutana na mzee na mbwa wake, akanisalimu neno moja. Nikaitikia, nikasimama njiani na mikono yangu mbele, nikimsubiri aulize habari za nyumbani, za kazi, za watoto wa nyumba. Yeye ameshapita. Aliyegeuka kunitazama ni mbwa. Sista Notburga alicheka mpaka ikabidi tutafute benchi.

Ng'ambo ya ziwa kuna nyumba ya mbao yenye maua madirishani. Sasa ni nyumba ya wageni, lakini yeye alizaliwa humo. Kila tukipita anaugusa uzio wake kwa kiganja, halafu tunaendelea. Sijamuuliza kwa nini.

Sasa habari yenyewe. Mwakani tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa, huenda nikaweka nadhiri za milele. Hizi ninazorudia kila mwaka zitakuwa zimekwisha, nitakuwa wa shirika mpaka kufa. Na Mama Mkuu wa nyumba yetu amesema huenda nikaruhusiwa kuziweka huko huko Babati, mbele yenu. Mama, nimesema huenda. Huu ni mwaka wa sita sijaiona sura yako, ila kwenye ile picha ya Pasaka uliyopigwa umenuna. Nakuomba siku moja upite njia yetu ya ziwani, ile tuliyokuwa tunafuata samaki, uniandikie ulichokiona. Nina njaa nayo.

Mwanao,
Fabiola


Nakwa, Babati, 24 Novemba 2024

Mwanangu Fabiola,

Marahaba, na milele amina. Baba yako amepokea yake peke yake akasema, "Umeona, mtoto ana adabu," kana kwamba alijifunza kwa jirani. Sisi tupo, mvua imeanza vizuri. Goti la Baba yako linauma akitumwa dukani tu. Likisikia sherehe linapona.

Nilimsomea barua yako tukiwa tumekaa jikoni. Tulipofika hapo pa "Babati, mbele yenu" hakusikiliza tena. Nikamwambia, "Baba Fabiola, ameandika huenda." Akasema, "Mtu akirudia huenda mara nyingi hivyo, ni ndiyo anaionea haya." Asubuhi nikamkuta amevaa lile koti alilovaa kwenye harusi ya kaka yako Vicent, anakwenda kualika. Sherehe ni Agosti, na sisi tuko Novemba.

Unajua kwetu mtu haalikwi kwa simu. Ukimpigia atasema alisikia, hatasema alialikwa, na siku yenyewe utamngoja mpaka chakula kipoe. Lazima umfikie mlangoni, ukae, ule alichonacho, ndipo useme. Basi nikajifunga kitenge nikamfuata, maana akiachwa peke yake angealika hadi viboko. Ndivyo nilivyoipita njia yako, na kama ulivyoniagiza, nilitazama.

Tulitoka jua halijawa kali. Mashamba yameshalimwa, watu wanapanda mahindi na mbaazi. Tukaanzia kwa Lukresia, mjane wa baba yako mdogo, tukanywa chai. Ukitoka kwake unalisikia ziwa puani kabla hujaliona, tope na matete. Maji yamepanda mwaka huu. Ule mti tuliokuwa tunatundika kapu umesimama majini mpaka kiunoni. Wavuvi walikuwa wanatua, nikachagua perege wawili kwa kuwa mkono umezoea, ndipo nikakumbuka nimetoka kualika. Nikatembea na samaki kwenye nyumba za watu siku nzima, mpaka paka wa kijiji cha Sigino wakanijua. Viboko walitoa pua tu. Ng'ombe walikuwa wanakunywa, wanawake wanafua, na Baba yako akawaalika wote waliokuwa wanafua, hata wale tusiowafahamu. Ziwa letu halina nafasi ya kutazamwa, mwanangu, lina kazi.

Mchana tukawa Sigino kwa Theophil, binamu wa Baba yako, tukala makande. Wote wamesema watakuja. Lukresia amesema atakuja hata kama ni kwa kubebwa.

Mwendo ulikuwa mwepesi, ila mahali pamoja palinishinda. Pale kwenye matete, ulipokuwa unabaki nyuma kuokota vijiwe, nilijikuta nimesimama nakusubiri. Baba yako akauliza kama nimeona nyoka. Nikamwambia ndiyo. Nimekukumbuka mpaka nimekasirika. Njoo.

Mama yako,
Xaveria


Austria, 19 Januari 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Baba, naye namwamkia peke yake kutoka huku. Afya yangu ni ile ile, isipokuwa vidole, baridi inavikata.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama kwenye sanduku la barua na theluji inanidondokea, nikacheka, halafu nikalia kidogo hapo pa matete. Lakini Mama, mshike Baba koti. Bado hawajanijibu kutoka makao makuu. Mambo ya shirika yanakwenda polepole, na huenda ni huenda.

Ziwa limeganda kingoni. Sista Notburga aliteleza wiki mbili zilizopita akaumia nyonga. Sasa tunaishia kwenye benchi la kwanza. Anakaa, anatazama ng'ambo, halafu ananiambia turudi. Alhamisi iliyopita aliniuliza, "Mama yako anajua kusoma?" Nikasema anajua sana, na anajua kununa pia. Akasema nikusalimie.

Mwanao,
Fabiola


Nakwa, Babati, 16 Februari 2025

Mwanangu Fabiola,

Marahaba. Pole na baridi, na Sista wako mpe pole ya nyonga. Mwambie apake mafuta ya kondoo. Sisi tunaendelea, mahindi yamenipita kimo.

Kuhusu kumshika Baba yako koti, maji yamekwisha mwagika. Amezunguka tena kuwakumbusha. Wanawake wa jumuiya wamechagua kitenge cha sare, cha bluu. Kwaya imeanza mazoezi. Hata Kores, yule rafiki yake wa mnadani anayeleta ng'ombe kutoka Simanjiro, ameahidi ndama bila kuuliza ni sherehe ya nini. Nikisema tungoje jibu, Baba yako ananijibu, "Mcheza kwao hutunzwa. Watamnyimaje kwao?"

Namcheka mbele yake. Lakini nakuambia wewe, nimetoa shuka jipya kwenye sanduku nikalitandika kitandani kwako, halafu nikaona mapema mno nikalitandua. Kesho yake nikalitandika tena.

Mama yako,
Xaveria


Austria, 30 Machi 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wazima, na naomba ukae kwanza kabla hujaendelea, na Baba naye akae. Hakuna aliyekufa.

Nadhiri zitafanyika huku. Mama Mkuu aliniita akaniuliza, hakunilazimisha. Nyumba hii haijaona nadhiri za milele tangu sijazaliwa. Masista waliobaki wote ni wazee na hakuna wa kupanda ndege. Sista Notburga hatembei tena. Alinishika mkono akasema angetaka kuona moja tu kabla hajaenda. Nikasema ndiyo. Neno lilitoka kabla sijakufikiria wewe, na nilipokufikiria nilishindwa kulirudisha.

Shirika liliomba kibali cha serikali ili nyinyi wawili mje. Jibu limekuja kwamba mwaka huu haiwezekani. Nililia jikoni juu ya viazi, na sista wa zamu akafikiri nimejikata.

Kwenye ibada kuna mahali wazazi wanapomshika binti yao mikono wakamleta mbele na kusema wanamtoa. Mmeona kwa wengine hapo parokiani. Mama Mkuu anasema, kwa kuwa hamtakuwepo, mniandikie maneno ya kunikabidhi, nayo yatasomwa kanisani. Maneno mawili matatu yanatosha, Mama. Yakiwa ya kwako nitayasimamia.

Nisamehe. Na Baba umwambie polepole.

Mwanao,
Fabiola


Austria, 25 Mei 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pasaka imepita, Pentekoste hiyo inakuja, na sanduku la barua ni tupu. Hamjambo lakini? Nilimpigia Vicent, akasema wote wazima, nikamwomba akupe simu. Nikakusikia unapumua. Halafu ikakatika.

Alhamisi nilizunguka ziwa peke yangu. Theluji imeyeyuka, maua yameota mpaka katikati ya njia, na watu wamejaa wakipiga picha. Ni njia nzuri, Mama, ningependa uione, na siku ile niliichukia. Kwenye nyumba ya mbao niligusa uzio kwa niaba ya Sista Notburga. Niliporudi nikamwambia. Akageukia ukutani, sikujua kama nimemfurahisha au nimemuumiza.

Kama huwezi kuandika kunikabidhi, andika kunigombeza. Nitashukuru hata kwa hilo.

Mwanao,
Fabiola


Nakwa, Babati, 6 Julai 2025

Mwanangu Fabiola,

Marahaba. Miili yetu ni mizima. Simu haikukatika, mimi ndiye niliyeikata, maana nilikuwa na neno mdomoni ambalo mama hamwambii mtoto.

Nilimwambia Baba yako polepole kama ulivyotaka. Alikwenda kukata majani ya ng'ombe, na kesho yake hivyo hivyo. Halafu asubuhi moja akavaa koti lile lile. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema, "Mtu niliyemfikia mlangoni siwezi kumpigia simu." Basi tukalizunguka ziwa tena, kuwaambia watu wasije. Njia ni ile ile unayoijua, nyepesi, mtoto anaimaliza. Safari hii tulilala njiani. Kila nyumba walitukalisha, wakatushika mikono, wakatulisha kama wafiwa. Kwa Lukresia hata majirani waliitwa, wakakaa wameinamisha vichwa, mpaka nikasema, "Jamani, mtoto hajafa." Lukresia akasema, "Tunajua, Mama Fabiola. Ingekuwa msiba tungejua cha kusema."

Ziwani tulimkuta Kores ananywesha ng'ombe. Baba yako akamweleza yote, nadhiri, shirika, kwamba unakuwa wao mpaka kufa. Kores akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Walipokuja kuomba, mliwajibu nini?" Baba yako akasema hawakuja. "Walimtuma nani?" Hawakumtuma mtu. Kores akatazama ng'ombe wake. Akasema, "Rafiki yangu, hata ndama simtoi kwa mtu asiyekuja zizini." Baba yako akakaa chini kwenye nyasi. Alisema ni goti.

Nimejaribu kuandika hayo maneno mawili matatu. Nilianza, "Sisi Teodori na Xaveria tunamtoa," mkono ukagoma. Karatasi nimewashia moto. Usifikiri nagombana na Mungu. Yeye alikuomba ukiwa msichana mdogo nikamkubalia, na unajua nilivyopigana na Baba yako ili uende. Hao wa duniani ndio hawajanifikia. Vicent alipomtaka Careen tulipanda Mbulu kwa wazazi wake, tukakaa, tukaulizwa tumefuata nini, tukasema, tukarudishwa, tukapanda tena. Na Careen tunakaa naye hapa hapa, anaweza kwenda kwao wakati wowote anaotaka. Wewe uliondoka kwa bajaji na begi moja, na barua ikaja baadaye kutuambia umefika salama. Tulishukuru. Hatukujua kama tungeweza kusema kingine.

Sasa nasema. Kama wanataka kitu cha kusoma, wasomee hiki. Sijamkabidhi Fabiola. Sikatai, ila sijaombwa. Waje hapa Nakwa, hata mmoja, wakae kwenye viti vyangu, tuwaulize wamefuata nini, waseme kwa midomo yao. Mimi ni mkulima wa mbaazi na hii si jeuri. Mtoto wa mtu huombwa.

Nakupenda na nimekukumbuka, na sioni haya kuandika.

Mama yako,
Xaveria


Austria, 3 Agosti 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo, na ya Baba peke yake. Mimi sijambo, leo sijambo kweli.

Barua yako ilipofika Mama Mkuu aliniuliza kama ni maneno ya wazazi. Nikasema ndiyo. Akataka nisome wakati wa chakula cha jioni, wote wasikie. Njiani kutoka chumbani niliwaza kuruka mistari. Halafu nikaona hujaniruhusu. Nikasoma Kiswahili kwanza, yote, ili sauti yako iingie humo ndani kama ilivyo, kisha nikawatafsiria. Hakuna aliyeshika kijiko.

Tulikuwa tumemleta Sista Notburga kwa kiti cha magurudumu. Yeye ndiye aliyeanza. Alisema mama yake pia hakuombwa. Zamani hizo ukiingia nyumba hii ulikuwa hutoki, wala hutembelewi ovyo. Mama yake alikuwa akizunguka ziwa kwa miguu kila Alhamisi, anasimama nje ya ukuta wetu, halafu anarudi. Sista Notburga alimwona kutoka dirishani, na kumpungia mkono haikuruhusiwa. Alifanya hivyo mpaka alipozeeka, kisha Alhamisi moja hakuja. Hakuna sista aliyewahi kwenda ng'ambo kumwambia neno. Akamgeukia Mama Mkuu akasema, "Mimi nadhiri nimeona za kutosha. Nenda kwa mama yake ukaulizwe."

Mama Mkuu aliiomba barua yako akaondoka nayo. Jana amenipa jibu. Tarehe 15 nitarudia zile za mwaka mmoja tu, shirika linaruhusu. Januari, baada ya sikukuu ya Epifania, anakuja Nakwa na sista mmoja wa makao makuu, na mimi. Ana maswali mengi. Anauliza kama ni kweli asianze kusema mpaka aulizwe, na aje na nini. Nimemwambia kitenge na sukari, na asishangae akirudishwa mara ya kwanza.

Mimi sitakaa nao sebuleni, si desturi. Nitakuwa jikoni kwako nachochea moto, mpaka niitwe. Mwisho wake utakubali, Mama, najua, na mimi nataka ukubali. Ila wakimaliza kusema walichofuata, usiwajibu haraka.

Mwanao,
Fabiola